Jela, faini au kliniki? Nimelinganisha, chagua ukiwa umetulia

Mi nina kibanda cha mobile money hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa hii kazi najua bei ya msokoto mmoja wa njaga, yaani bangi, kuliko wakili yeyote wa Kampala. Sio bei ya kuununua, bei ya kukamatwa nao. Mama anakuja saa nne usiku na leso juu ya nguo ya kulala, anatoa laki mbili zilizokuwa za karo, PIN anaikosea mara mbili sababu mkono unatetemeka, na mimi siulizi kitu manake wote tunajua anaelekea kituo cha polisi. Asubuhi kijana yuko nyumbani. Hakuna kesi, hakuna risiti, hakuna daktari aliyemwona, na jioni utamkuta palepale nyuma ya stage ya boda macho mekundu. Siku nyingine mama hana hizo laki mbili, hapo ndo kijana anaenda rimandi.

Juzi kwenye kahawa hii stori ikawasha moto. Mzee mmoja Mnubi, mwanajeshi mstaafu, akasema wafungwe wote, na akirudia afungwe tena mpaka akome. Kijana wa boda akamwambia mzee na heshima zako zote, Ureno wameacha kufunga watumiaji miaka zaidi ya ishirini na nchi bado ipo, sisi tunangoja nini. Wakavutana hadi kahawa ikapoa. Sasa kuna dada nesi alikuwa amekaa pembeni anakula kashata yake, akauliza tu, "Nyie mnaongelea dawa gani?" Kimya. Hilo swali ndo limenifanya nikae niandike hii, manake niligundua mzee alikuwa anafikiria kete za unga, yaani heroini, na kijana alikuwa anafikiria njaga, na mtu wa tatu pale mi najua alikuwa na mairungi, yale majani ya kutafuna, shavuni.

Tusichanganye njia

Njia ya kwanza ni hii tuliyonayo: ukikutwa nayo, hata ya kutumia mwenyewe, ni jinai, unaweza kwenda jela. Njia ya pili ni kumuondolea mtumiaji ujinai, yaani kitu bado kimekatazwa, askari bado anakunyang'anya, lakini hufungwi na hupati rekodi ya uhalifu, unapelekwa kwa faini au kwa watu wa afya, na muuzaji bado anafungwa kama kawaida. Njia ya tatu ni kuhalalisha, duka na leseni na kodi. Watu wengi wakisikia ya pili wanaruka moja kwa moja kwenye ya tatu, wanaona watoto wanauziwa msokoto kantini ya shule, ndo maana mjadala haufiki popote. Ureno hawakuhalalisha kitu. Ukiuza heroini Lisbon leo unafungwa.

Ya tatu nitaigusa kidogo tu mwisho huko. Mvutano wa kweli kwetu uko kati ya ya kwanza na ya pili.

Jani moja, sheria mbili

Mfano mzuri hauko Ulaya, uko hapa mlangoni kwangu. Mairungi. Kwetu huku tunaita mairungi, ng'ambo ni miraa, jani ni lilelile na mashavu ni yaleyale. Ukivuka mpaka kwa miguu dakika chache tu, Mkenya ameyaweka mezani kweupe, ni zao la biashara, Meru watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa hilo jani. Ukirudi na fungu hilohilo upande huu umekuwa mhalifu. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ule mkubwa wa madawa, wala haukuyaorodhesha mairungi.

Na sheria yetu yenyewe imepita vichekesho. Sheria ya madawa ya kulevya ya 2015 iliweka mairungi kundi moja na vitu vikali, wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso wakaenda Mahakama ya Katiba, na Mei 2023 mahakama ikaifuta sheria yote. Yote, sio kipande cha mairungi tu! Sababu haikuwa haki za mtu yeyote, ni kwamba bunge lilipitisha bila akidi, wabunge hawakutosha ukumbini. Agosti mwaka huohuo bunge likapitisha nyingine, na mairungi yakarudishwa ndani. Kwa hiyo kuna watu walifungwa chini ya sheria ambayo baadaye tukaambiwa haikupita vizuri. Mzee wangu wa kahawa aliposikia hiyo alitikisa kichwa, akasema basi wafungwe na wabunge.

Mi sisemi mairungi ni mchicha. Nimeona mtu anatafuna siku mbili bila kulala, biashara inakufa, mke anarudi kwao. Lakini hilo ni tatizo la jela au la nyumbani? Na Kenya nako sio kwamba wote wanafurahi, mwaka 2024 magavana wa pwani walijaribu kupiga marufuku muguka, aina ya miraa, na mambo yakaishia mahakamani.

Usiku wa kwanza

Mi nalinganisha sheria kwa usiku wa kwanza, sio kwa kurasa. Kijana amekutwa na misokoto miwili, saa tatu usiku. Kinachofuata?

Kwetu, kwa karatasi: katiba inasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na bondi ya polisi ni bure, hata imeandikwa ukutani. Kwa uhalisia unajua mwenyewe. Na nimefikiria sana kwa nini hili kosa hasa linazaa hongo kuliko wizi wa kuku. Kwenye wizi wa kuku kuna mwenye kuku, yeye atakuja asubuhi kuuliza kuku wangu wako wapi, kwa hiyo kesi ina macho ya mtu. Msokoto hauna mlalamikaji. Walioona ni wawili tu, aliyeshika na aliyeshikwa, na ushahidi unaingia mfukoni. Hapo bei inapatanwa kama nyanya. Sio kwamba maafande wote ni wabaya, wengine ni wateja wangu na ni watu safi kabisa, ni sheria yenyewe inamkabidhi mtu anayelipwa mshahara mdogo kisu na mkate halafu inageuka kuangalia pembeni.

Ureno, tangu Julai 2001: askari anachukua dawa, anapima. Kama haizidi matumizi ya mtu mmoja kwa siku kumi, na kwa bangi jedwali lao linasema gramu 25, kwa heroini gramu 1, hafunguliwi kesi ya jinai. Anapewa karatasi aende mbele ya kamati ya watu watatu, iko chini ya afya sio chini ya polisi, watu wa sheria na saikolojia na ustawi wa jamii. Wanamuuliza maswali ya kawaida tu, unatumia tangu lini, unafanya kazi gani, unaumwa? Kama sio mraibu na ni mara ya kwanza jalada linawekwa kando. Kama ni mraibu wanamwelekeza kwenye matibabu. Asiye mraibu wanaweza pia kumpiga faini, au kumpa kazi za jamii.

Tafadhali angalia hapo kwenye namba. Gramu 25, gramu 1. Sheria ikisema tu "kiasi kidogo" bila namba, basi kiasi kidogo ni kile afande ataamua, na tumerudi kwenye nyanya. Sasa cheka kidogo: posti gani ya polisi ya kijijini ina mizani ya gramu? Wenye hiyo mizani hapa Busia ni wanunuzi wa dhahabu. Ndo hapo mi naona watu wanaosema tuige Ureno kesho asubuhi hawajawahi kulala kwenye posti.

Ghana, wenzetu Waafrika: sheria yao ya 2020 iliondoa jela kama jibu la kwanza kwa mtumiaji, ikaweka faini kati ya penalty units (vipimo vyao vya faini) 200 na 500, na unit moja ni sedi 12, kwa hiyo unaongelea sedi 2,400 mpaka 6,000. Ukishindwa kulipa, jela inarudi. Wazo ni zuri na ni la karibu na sisi kuliko Ulaya. Lakini piga hesabu ya kibandani kwangu: faini ya halali ikiwa kubwa kuliko hongo, mtu atalipa nini? Atalipa hongo. Faini lazima iwe ndogo kuliko bei ya kupatana, na ilipwe kwa simu ipate risiti, la sivyo umebadilisha sheria na umeacha soko vilevile.

Mwaka mmoja baadaye

Tuseme kijana hakutolewa usiku ule, akaenda ndani. Jela zetu zina nafasi ya watu kama 20,000 na zimebeba zaidi ya 70,000, na karibu nusu hawajahukumiwa, wanangoja tu. Analala kwa zamu. Kama alikuwa anavuta njaga nje, ndani anakutana na wanaouza vitu ambavyo hata jina alikuwa hajui. Anatoka baada ya mwaka, stage yake imechukuliwa, pikipiki ya mkopo imerudi kwa mwenyewe, na akiomba kazi ya askari wa geti anaulizwa barua ya polisi. Mzee wa kahawa anaita hiyo adabu. Mi naiita kumpeleka kijana shule ya bweni ya wezi, na ada analipa mama.

Lakini mzee ana hoja moja ambayo kijana wa boda hakuijibu, na mi siwezi kuiruka. Alisema, "Ukimuacha tu, nani atamzuia?" Jibu la kweli ni: ukimuacha TU, hakuna.

Hilo limeonekana Oregon, Marekani. Novemba 2020 walipiga kura, wakashinda wenye kutaka kuondoa jinai, na Februari 2021 ikaanza: ukikutwa na dawa unapewa tiketi ya dola 100, kama ya trafiki, na hata hiyo inafutwa ukipiga simu namba fulani ya afya uongee na mtu. Wengi wakatupa tiketi chini, hawakupiga simu wala kulipa. Pesa za matibabu zilichelewa kufika kwa vituo. Na bahati mbaya ni wakati uleule fentanyl, dawa kali kuliko heroini, ilikuwa inaingia kwao kwa nguvu, watu wanakufa, watu wanatumia hadharani mitaani, wenye maduka wanalia. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama vifo vilitokana na sheria au na fentanyl, ila wananchi walishachoka, na 2024 bunge lao likarudisha jinai, kuanzia Septemba.

Ukiweka Ureno na Oregon pembeni kwa pembeni utaona sheria zinafanana sana, kilicho tofauti ni kiti. Ureno yule mtu anakaa kwenye kiti mbele ya binadamu anayemuuliza unaumwa, na nyuma ya hicho kiti kuna kliniki iliyojengwa. Oregon alipewa karatasi na namba ya simu. Maambukizi mapya ya HIV kwa wanaotumia dawa Ureno yalishuka kutoka zaidi ya elfu moja kwa mwaka hadi makumi, na hiyo haikufanywa na sheria peke yake, ni sindano safi, methadoni na manesi. Hata wao, bajeti ilipokatwa miaka ya baadaye, malalamiko yakarudi, mji wa Porto watu wa mtaa wanalalamika sindano zinatupwa ovyo.

Sisi kiti chetu kiko wapi? Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Kampala. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa pale 2020, wakati hospitali ya Muhimbili kule Dar walianza 2011. Methadoni kwa wasioijua ni dawa ya kunywa inayomtuliza mtu wa heroini asipate arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, anaweza kufanya kazi na kulea watoto, lakini anainywa kila siku, mbele ya nesi, kliniki. Sasa kijana wa Busia mwenye tatizo la unga atasafiri kilomita kama 200 kila siku kunywa kikombe kimoja? Na hata angepata nauli, hapa ukisema mtoto ameenda Butabika jirani wanasikia kichaa, dada zake hawaolewi. Dada nesi aliniambia kitu, kwamba wengine wanaomba jela kuliko Butabika, manake ukitoka jela unasema nilisingiziwa.

Dawa sio moja

Turudi kwenye swali lake la kahawani. Njaga na mairungi, mtumiaji wa kawaida hahitaji kliniki ya kila siku, anahitaji kutofungwa, na wachache wanaoharibika akili wanahitaji daktari mapema, hasa hawa wadogo wa miaka kumi na tano ambao ubongo bado unakomaa. Kwao kuondoa jela kunaweza kuanza hata bila majengo mapya. Unga ni mambo mengine, ukiondoa jela bila kuweka methadoni umejenga Oregon ndogo Kisenyi, mtaa wa mabanda Kampala. Na wale watoto wa mtaani Kampala wanaovuta mafuta ya ndege kwenye kitambaa, wale sheria ya madawa hata haiwahusu, mafuta sio dawa ya kulevya kwa karatasi, wanachotaka ni chakula na pa kulala.

Na pombe je? Hapa kila mtu anakohoa. Waragi imeua na kuvunja nyumba nyingi hapa mtaani kuliko njaga, na hakuna anayefungwa kwa kuinywa. Serikali 2019 ilipiga marufuku vile vifuko vidogo, wakasema chupa isipungue mililita 200, haikumfunga mnywaji, ilimbana mtengenezaji. Tayari tunajua kutofautisha mnywaji na mtengenezaji. Tunajifanya hatujui ikifika njaga.

Kuhalalisha kabisa, niliahidi kidogo: Thailand waliitoa bangi kwenye orodha Juni 2022 kabla ya kumaliza kutunga sheria ya kuisimamia, maduka yakaota kama uyoga, na 2025 wakairudisha kwenye cheti cha daktari. Afrika Kusini mahakama 2018 iliruhusu mtu mzima avute na apande kwake faraghani, ila kuuza hapana, kwa hiyo una haki ya kuvuta kitu usichoweza kununua. Na sisi wenyewe Kasese imeshalimwa bangi ya dawa kwa kibali iuzwe nje, shamba na ulinzi wake, wakati jirani wa shamba akikutwa na mche mmoja nyuma ya choo anafungwa. Hiyo moja peke yake ingetosha kututia aibu lakini tuendelee.

Uchague nini

Inategemea unaogopa nini zaidi. Kama hofu yako ni wauzaji wakubwa, wale wanaopitisha mizigo uwanja wa ndege wa Entebbe, basi njia ya kwanza na ya pili kwako ni sawa, zote zinawafunga, tofauti ni kwamba ya pili inampa afande muda wa kuwatafuta badala ya kupekua soksi za watu wa boda. Kama hofu yako ni mtoto wako kuanza, hakuna sheria kati ya hizi itakayokusaidia sana, nisikudanganye. Kama hofu yako ni mtoto wako ambaye ameshaanza, hapo ya pili inaishinda ya kwanza mbali sana, mradi sio karatasi tupu.

Mi ningechagua hivi. Njaga na mairungi kwa matumizi ya mtu, jela itoke sasa, namba ya gramu iandikwe kwenye sheria, faini iwe ndogo ya kulipwa kwa simu, na asiyeweza kulipa afanye kazi ya jamii, ambayo sheria yake tunayo tangu 2000 na inatumika kwa makosa madogo, afagie soko wiki mbili watu wamuone. Unga usubiri hadi methadoni ifike hospitali za mikoa, halafu jela itoke na huko, mkoa kwa mkoa. Mzee wa kahawa amekubali kufagia soko. Jela kwa unga hajakubali kuitoa na hatakubali, tumeachana hapo kwa heri.

Na mbunge akija kuomba kura akasema anaunga mkono au anapinga, usimpigie makofi bado. Muulize gramu ngapi, nani atapima, faini shilingi ngapi, na kliniki ya karibu na hapa itakuwa wapi. Akijibu manne yote, niite na mimi nifunge kibanda nije kumsikiliza.